RAM zimeandikwa 3200 lakini zinatulia kwenye 2666 tu, tatizo liko wapi?

#1 MtuWaGungu
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Gungu, kazi yangu kuedit video za harusi na send-off. Mashine ya mezani niliiunga mwenyewe kidogo kidogo: prosesa Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, RAM stiki nne za 8GB DDR4 jumla 32GB, zote zimeandikwa spidi 3200, CL16 (CL ni muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu). Mwanzo nilikuwa na stiki mbili, hivi karibuni nikaongeza mbili nyingine, kampuni ileile na modeli ileile.

Sasa shida iko hivi. Nikiwasha XMP (mpangilio wa spidi uliokuja na RAM) kwenye baiosi inakuwa 3200, Windows inawaka vizuri tu, nafungua mafaili, nasikiliza mziki, hamna tatizo. Nikianza kurenda video ndefu (kutoa faili la mwisho) ndo balaa linaanza, mara skrini ya bluu imeandikwa MEMORY_MANAGEMENT, mara programu inajifunga yenyewe kimya kimya, na kuna kazi moja ilitoka nzima nzima ila pale kwenye kukata keki bibi harusi ana mistari ya kijani usoni. Nikizima XMP inarudi 2666, narenda mpaka asubuhi haitikisiki.

Mimi naona hizi namba za kwenye boksi ni za kuuzia tu. Mtu unalipia 3200 unaishia kutumia 2666? Kuna mdau hapa Kigoma au popote RAM yake inakimbia kama ilivyoandikwa na inahimili kazi nzito? Aje aseme ameseti nini.

#2 MwanaIsevya
Mwangaluka wadau, Tabora hapa. Nakuunga mkono mkuu, hizo namba wanatudanganya. Mi nina i5-10400 na bodi ya B460, RAM zimeandikwa 3200, nimewasha XMP, nimezima, nimewasha tena, iko 2666 vilevile. Ila yangu haijawahi kuzima hata siku moja, tofauti na yako.

#3 FundiKatubuka
Hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, tuyatenganishe kwanza.

MwanaIsevya yako sio ugonjwa kabisa. i5-10400 Intel wenyewe wameiandikia 2666, na bodi ya B460 hairuhusu kuvuka kikomo cha prosesa. Intel walikuja kuruhusu kuovakloku RAM (kuipeleka juu ya spidi rasmi) kwenye bodi za daraja la B kuanzia B560, mwaka 2021. Kwahiyo hata uweke RAM ya 4000 hapo utaiona 2666. RAM yako nzima, prosesa nzima, tulia.

MtuWaGungu yako ni nyingine. Namba ya kwenye boksi inasema stiki zile zilizomo kwenye boksi hilo zilipimwa zikaiweza spidi hiyo. Haisemi kwamba prosesa yako itaiweza. Kidhibiti cha RAM siku hizi kiko ndani ya prosesa, na AMD walitoa jedwali lao la Ryzen 3000: stiki mbili 3200, stiki nne za upande mmoja (single rank, seti moja ya chipu) 2933, stiki nne za pande mbili (dual rank) 2666. Wewe una nne. Juu ya hapo ukifika ni bahati yako, ukikwama hakuna wa kumdai. XMP ni ovakloku iliyoandikwa tayari ndani ya chipu ndogo kwenye stiki, Intel ndo walioianzisha 2007 enzi za DDR3, nayo inapandisha umeme kutoka volti 1.2 ya kawaida ya DDR4 mpaka 1.35.

Kwa kifupi: nne ni nyingi kwa 3600.

#4 Dagaa_wa_Moshi
Fundi nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe. Mi nina stiki nne, B450 hiyohiyo, prosesa 5600, naenda 3200 na nacheza gemu na narenda, mwaka umeisha. Kibirizi hapa njoo uone. Ingekuwa kikomo ni stiki nne basi na mimi ningekwama.

Mkuu MtuWaGungu hebu sema baiosi yako ni ya lini? Bodi za B450 zilitoka 2018, prosesa yako ya 3600 ni ya 2019. Kama bodi ina baiosi ya zamani ile ya mwanzo, mpangilio wa RAM ulikuwa haujakaa vizuri. AMD walikuwa wanatoa AGESA mpya (programu yao inayokaa ndani ya baiosi) kila baada ya muda na nyingi ya hizo zilikuwa zinarekebisha mambo ya RAM. Flashi baiosi kwanza, yaani weka toleo jipya, hayo mengine baadae.

#5 FundiKatubuka
@Dagaa_wa_Moshi 5600 ni kizazi kingine ndugu yangu, na hata prosesa mbili za jina moja hazifanani, moja kidhibiti chake kina nguvu nyingine kinachoka mapema. Kesi yako inathibitisha kwamba inawezekana, haithibitishi kwamba kila mtu ataweza. Ila la baiosi nakubali, aflashi. Na asiflashi jioni saa ile umeme unachezacheza, afanye asubuhi na UPS iwepo.

#6 BintiMwanga
Wakaka mnabishana prosesa wakati jibu amelisema mwenyewe pale juu na hakuna aliyeligusa. Mbili za zamani, mbili mpya. Modeli kuwa ileile haina maana kwamba kilichomo ndani ni kilekile. Kampuni inayouza stiki mara nyingi haitengenezi chipu, inanunua Samsung, Micron au Hynix, leo inapata hizi kesho zile, jina la stiki linabaki lilelile. Ndo maana kiti, yaani seti ya stiki za boksi moja, zinauzwa zikiwa zimepimwa pamoja, ukichanganya kiti mbili hakuna aliyekupimia mchanganyiko huo.

Kaka MtuWaGungu zima mashine, chomoa zote nne, zilaze mezani usome stika moja moja, sio jina kubwa, ile ya maandishi madogo pembeni ya msimbo wa mistari. Alafu shusha Thaiphoon Burner isome kila stiki ndani ina chipu gani. Utuletee hapa.

#7 mgeni_wa_Kasulu
Nakaa hapa kwenye uzi huu nasubiri majibu, na mimi nataka kuongeza RAM.

#8 MtuWaGungu
Ahsante dada, nimezichomoa. Stika zinafanana kwa mbali, rangi na jina vilevile. Ila kwenye maandishi madogo kabisa chini kuna namba ya toleo, zile za zamani inaanzia na 3, mpya inaanzia na 5. Na hata ubao wenyewe ukiuangalia kwa tochi ya simu pale kwenye ukingo, za zamani ni kijani inayokaribia weusi, mpya ni nyeusi tii.

Thaiphoon inasema za zamani Micron, mpya Hynix. Zote upande mmoja. Kwenye XMP za zamani ni 16-18-18-36, mpya ni 16-20-20-38. Boksi zote mbili nje zimeandikwa CL16 tu basi.

#9 BintiMwanga
Ndo hapo sasa. CL16 ni namba ya kwanza tu kati ya nne za muda wa RAM. Bodi inaposoma XMP inaweza kuchukua ya stiki moja ikawalazimisha wote. Kama imechukua 18-18-36 ya Micron, hizo Hynix zinasukumwa kufanya kitu ambacho mtengenezaji hakuziahidia. Wala sio feki, ni nzuri zote, ila kila moja ina tabia yake.

Weka kwa mkono 16-20-20-38 zote nne, spidi 3200, umeme 1.35, alafu urende.

#10 NyukiDume
Naona watu mnazama kwenye namba wakati mkuu yuko Kigoma! Niambieni, umeme wa jioni mnaujua? Mi niko Tabora mjini, fundi wa studio. Kuna studio mtaa wa pili hapa walikuwa na shida hiyohiyo, mchana mashine inarenda, usiku inagoma. Walibadilisha RAM, wakabadilisha SSD, wapi. Nikawawekea stabilaiza na pawasaplai ya maana, kimya mpaka leo. Stiki hazina kosa, zinanyimwa chakula tu.

#11 FundiKatubuka
@NyukiDume hapo kwenye stabilaiza nakataa, kwenye pawasaplai nakubali nusu. Pawasaplai nyingi za sasa zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240, ukutani ikishuka ikafika 190 yenyewe haijali. Alafu RAM hailishwi na pawasaplai moja kwa moja, DDR4 inapata 1.35 yake kutoka kwenye saketi iliyo kwenye bodi. Umeme ukiyumba sana mashine inazima au inajirestati yenyewe, haileti mistari ya kijani kwenye keki. Mistari ya kijani ni biti zimegeuka.

Ila pawasaplai mbovu, ile nyepesi ukiishika kama haina kitu ndani, inatoa umeme wenye mawimbi, na prosesa ikifika asilimia mia wakati wa kurenda mawimbi yanaongezeka. Hapo ndo nusu yangu.

#12 NyukiDume
Sawa fundi, kwenye vitabu uko sahihi. Mimi nasema nilichokiona kwa macho. Kwanini mchana ilikuwa inakubali?

#13 Mjukuu_wa_Unyanyembe
Kwasababu usiku ndo walikuwa wanarenda kazi kubwa, mchana wanakata vipande vidogo. Ulibadilisha vitu viwili kwa pamoja mkuu, stabilaiza na pawasaplai, huwezi kujua kipi kilitibu.

Mi nina lingine, joto. Tabora mwezi wa kumi chumba cha bati bila feni unajua wenyewe. RAM inashika data kwenye vikapasita vidogo sana vinavyovuja, kwahiyo lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde 64, na ikipita nyuzi 85 viwango vya JEDEC (chombo kinachoweka viwango vya RAM) vinataka ijazwe mara mbili ya hapo. Kadri joto linavyopanda ndivyo vinavyovuja haraka. Kuna chipu, hasa Samsung B-die zikikazwa sana (muda wake ukipunguzwa), zikipita nyuzi 50 tu zinaanza kukosea. Stiki nne zimebanana, hakuna upepo kati yake, hitisinki ya prosesa inapuliza moto hapohapo. Mkuu fungua ubavu wa kesi, elekeza feni ya mezani, renda. Ikikubali umepata jibu bure.

#14 BintiMwanga
Joto lipo lakini tusilikuze. Google walitoa utafiti 2009 wa makosa ya RAM kwenye seva zao, kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, na kimoja walichokiona ni kwamba joto lilikuwa na athari ndogo kuliko watu walivyodhani, mzigo wa kazi ndo ulikuwa na uhusiano mkubwa na makosa. Kitu kingine walichokiona kinafaa watu wakijue: karibu theluthi moja ya mashine zilipata angalau kosa moja la RAM kwa mwaka. Na hizo ni seva zenye RAM ya ECC, ile inayorekebisha makosa yenyewe. Sisi wa mashine za kawaida kosa likipita linaandikwa kwenye faili la mteja.

#15 Mjukuu_wa_Unyanyembe
Seva za Google ziko kwenye ukumbi una viyoyozi dada, hawakupima chumba cha bati Cheyo. Na hizo za kwao hazikuwa na ovakloku.

#16 BintiMwanga
Hilo la ovakloku ni hoja, nimelipokea.

#17 MzeeWaStesheni
Wanangu hamjambo. Nimesoma yote, mnajua mambo kweli kweli. Mimi nimetengeneza kompyuta tangu zile za RAM za SIMM na naomba niseme kitu kidogo tu. Stiki zimesafiri kutoka Dar mpaka Kigoma, kwa basi au kwa treni, zinatikiswa njia nzima, zinafika kwenye mji wa ziwa wenye unyevu. Zile meno za dhahabu zikipata ukungu mwembamba ambao hata huuoni, kwa spidi ndogo zinapitisha, kwa spidi kubwa zinakosea. Chukua raba nyeupe laini ya penseli, pitisha taratibu kwenye meno, pangusa kwa spiriti, puliza slotu, rudisha mpaka usikie klipu imelia pande zote.

Na kingine, ulipofungua hitisinki ya prosesa mara ya mwisho ilitoka na prosesa? Hizi AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, pesti ikikauka ukivuta hitisinki prosesa inang'oka nayo na pini inapinda. Pini moja ya upande wa RAM ikipinda kidogo utatafuta mchawi mwaka mzima.

#18 FundiKatubuka
Shikamoo mzee. La pini ni la kweli kabisa, nimeletewa bodi hivyo, stiki zilizo kwenye slotu za chaneli moja hazionekani kabisa.

#19 MzeeWaStesheni
Marahaba mwanangu.

#20 Kaka_Mawese
Jamani nyie wote mmepotea. Mimi nimefungua CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za mashine) kwenye mashine yangu, RAM yangu 3200 inaonyesha 1600! Nusu! Tumeibiwa nusu nzima na hakuna anayesema. MtuWaGungu kapata 2666 anashukuru.

#21 MwanaIsevya
Hahaha Kaka Mawese shuka kwenye meza mkuu. Task Manager inakuonyesha ngapi?

#22 Kaka_Mawese
3200. Sasa yupi muongo?

#23 BintiMwanga
Hakuna muongo. DDR ni RAM inayotuma data mara mbili kwa kila pigo moja la saa, pigo likipanda inatuma, likishuka inatuma. Saa inapiga mara milioni 1600 kwa sekunde, data zinapita mara milioni 3200. CPU-Z inakuhesabia saa, Task Manager inakuhesabia data. Uko kamili kabisa, endelea na gemu lako.

#24 Kaka_Mawese
Ahaa. Nimekuelewa dada, ahsante. Basi nimepona.

#25 Dagaa_wa_Moshi
Turudi kwa mgonjwa. MtuWaGungu mbona huleti mrejesho? Na acha kupima kwa kazi za wateja, utapata kesi. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kupitia flashi, iache ipige pasi (mizunguko ya kupima) zote nne usiku. Ile pasi ya kwanza ni fupi, watu wanaiona imepita wanashangilia wanazima, usizime. Au Memtest86+ ile ya bure kabisa, toleo la 6 kwenda juu linawaka kwenye UEFI (baiosi za kisasa).

#26 FundiKatubuka
Naongezea. Apime kwa mafungu: kiti ya zamani peke yake, kiti mpya peke yake, alafu zote. Na akiweka mbili aziweke slotu ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, A2 na B2. Watu wengi hawajui kwanini. Kwenye bodi nyingi nyaya za RAM zinapita slotu ya kwanza zinaishia ya pili. Ukiweka stiki kwenye ya kwanza ukaacha ya mwisho tupu, ishara inapita mpaka mwisho wa waya inakosa pa kuingia inarudi, kama mwangwi kwenye ukumbi mtupu, inagongana na ishara inayofuata. Kwa 2133 hakuna shida, kwa 3200 ndo unaanza kuona maajabu. Na zikiwa nne zote, kila waya una mizigo miwili, ndo sababu hata AMD wakashusha namba kwenye jedwali. Hiyo ni fizikia haina siasa.

#27 MtuWaGungu
Mrejesho wakuu. Nimefuata ya mzee kwanza, nimefuta meno kwa raba na spiriti, pini za prosesa sijagusa kwasababu sijawahi kuifungua tangu niifunge.

Kiti ya zamani peke yake A2 na B2, XMP 3200: pasi zote safi. Kiti mpya peke yake slotu hizohizo, XMP 3200: safi. Zote nne XMP 3200: makosa yanaanza kwenye pasi ya pili, mengi, yanajazana skrini nyekundu. Zote nne 16-20-20-38 kwa mkono kama alivyosema dada: makosa yamepungua sana ila yapo, yanakuja machache machache huko mwishoni.

#28 BintiMwanga
Mnaona? Yamepungua sana. Tabia za chipu hizo.

#29 FundiKatubuka
Mnaona? Kila kiti peke yake safi. Nne hazikubali. Kidhibiti hicho.

#30 Mjukuu_wa_Unyanyembe
Mnaona? Yanakuja mwishoni zikishapata moto.

#31 MwanaIsevya
Yaani matokeo ni yaleyale kila mtu kaondoka na ushindi wake, huu uzi mtamu 😂

#32 NyukiDume
Mimi sijasema kitu lakini hajabadilisha pawasaplai.

#33 FundiKatubuka
Tumsaidie basi kwa vitendo. MtuWaGungu, ukiwa na stiki nne, vitu vya kujaribu, kimoja kimoja na ukipima kila baada ya kimoja: hakikisha Gear Down Mode imewashwa, au uende 2T, hapo amri zinapewa muda zaidi. RAM pandisha kutoka 1.35 mpaka 1.37 au 1.38, hiyo haiui DDR4. Voltiji ya SoC, ile inayolisha kidhibiti, iangalie isiwe chini ya 1.1 na usiipeleke juu ya 1.2. ProcODT sogeza hatua moja juu kisha hatua moja chini, hiyo ndo inameza ule mwangwi niliousema. Ikigoma yote shuka 2933.

Ukiona mashine haiwaki kabisa, feni zinazunguka skrini nyeusi, usichanganyikiwe. Chomoa waya wa ukutani, toa betri ya saa ile CR2032 ya duara, subiri kidogo, rudisha. Baiosi inasahau ulichoweka inarudi mwanzo.

#34 mgeni_wa_Kasulu
Swali la kijinga wakuu, kwani tofauti ya 2666 na 3200 inaonekana? Si aache tu 2666 apige kazi? Wateja hawaulizi spidi ya RAM.

#35 Dagaa_wa_Moshi
Sio swali la kijinga. Kwenye kurenda video utaona tofauti ndogo tu, gemu ndo inaonekana zaidi. Kwa Ryzen ina maana kwasababu ile njia ya ndani ya prosesa inayounganisha vipande, Infinity Fabric, inaenda sambamba na saa ya RAM, ukiwa 3200 nayo ni 1600, ukishuka 2666 nayo inashuka 1333. Kwahiyo sio RAM tu inayochelewa.

#36 BintiMwanga
Na hesabu ya kusubiri: CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10. CL16 hiyohiyo kwenye 2666 ni 12. Lakini akibaki 2666 akakaza mpaka CL14 anapata 10.5, karibu sawa. Ila upana wa njia hauji kwa kukaza, stiki mbili mbili kwenye chaneli mbili, 3200 ni GB 51.2 kwa sekunde, 2666 ni kama 42.6. Kwa mtu wa kazi kama kaka yetu, mimi ningemwambia salama kwanza spidi baadae. Harusi hairudiwi. Faili likiharibika ukagundua mwezi ujao, nakala zako zote zimebeba uharibifu uleule.

#37 MtuWaGungu
Nimepata nafasi jana usiku. Nimeflashi baiosi asubuhi yake kama fundi alivyosema, imekubali. Nikaweka 16-20-20-38, Gear Down imewashwa, RAM 1.37, SoC 1.1. Kwenye 3200 pasi nne, limetoka kosa moja tu. Nikashuka 2933 kila kitu kilekile, nimeacha mpaka asubuhi, safi. Nimerenda ile kazi ya keki upya, bibi harusi yuko safi.

#38 Mjukuu_wa_Unyanyembe
Hongera mkuu. Lakini umebadilisha baiosi, umeme na Gear Down kwa mkupuo. Sasa kipi kimeponya?

#39 Dagaa_wa_Moshi
Baiosi.

#40 FundiKatubuka
2933 na stiki nne za upande mmoja, nilitaja namba hiyo kwenye #3 kabla hajafungua hata kesi. Ni kikomo cha AMD wenyewe kimejitokeza.

#41 BintiMwanga
Fundi kikomo kingekuwa kigumu hivyo 3200 ingemwagika makosa kama mwanzo, imetoka moja. Kosa moja ni kitu kiko ukingoni. Angekuwa na nne za Hynix tupu angepita. Kaka ukipata mtu wa kubadilishana naye kiti moja jaribu.

#42 Kaka_Mawese
Mi nina mbili za modeli hiyo ila sijui toleo gani, niko Ujiji. Nitasoma stika nikirudi nyumbani nikwambie.

#43 MtuWaGungu
Itakuwa poa sana mkuu, ikiwa inaanzia na 5 nakuja mwenyewe.

#44 kijana_wa_Kitete
Samahani kuingilia, mi nimeunga ya DDR5, Ryzen 7600, stiki mbili za 6000 EXPO (kama XMP ila ya AMD). Nimewasha EXPO skrini imekuwa nyeusi tu dakika zinapita, nikazima nikawasha, nyeusi. Dukani wameniambia bodi imekufa niilete. Imekufa kweli?

#45 FundiKatubuka
USIIPELEKE. Na usizime katikati. DDR5 ikibadilishwa mpangilio inajifunza upya nyaya zote, mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini nyeusi kabisa, ukizima inaanza mwanzo. Washa, kaa pembeni kunywa chai. Kama bodi ina taa ndogo ya DRAM itakuwa inawaka wakati huo, ni kawaida. Ikishawaka ndo uangalie baiosi mpya. Na usije ukaongeza mbili ukawa na nne, Ryzen 7000 na stiki nne AMD wameandika 3600 tu.

#46 kijana_wa_Kitete
IMEWAKA. Imekaa nyeusi nikakata tamaa kabisa, ghafla logo. Inasoma 6000. Mungu akubariki fundi, nilikuwa nimeshaifunga kwenye boksi.

#47 Dagaa_wa_Moshi
Imewaka sio imetulia. MemTest usiku, pasi nne.

#48 mgeni_wa_Kasulu
Na sisi wa laptop? Nataka kuongeza 8GB ya 3200, iliyopo ni 2666. Itakufa?

#49 BintiMwanga
Haitakufa. Laptop nyingi hazina XMP, zote mbili zitaenda 2666, ile ya haraka inashuka kumfuata wa taratibu. Hakikisha ni DDR4 ya laptop, volti 1.2, na angalia kama slotu ya pili ipo kweli, nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi. Soma kwanza alafu ndo ulipie.

#50 NyukiDume
Na ununue stabilaiza.

#51 FundiKatubuka
@NyukiDume laptop ina betri mkuu!